Ushuru wa Kona

Msomaji mpenzi, yako makosa ambayo mtu huyafanya kwa kutojua, na yako makosa ambayo huyafanya kwa kujua nusu. Ya kwanza husameheka upesi, maana asiyejua aghalabu huuliza. Ya pili ni mazito zaidi, kwa kuwa mwenye kujua nusu husema kwa sauti ya mjuzi, na watu humwamini. Kosa nitakalokusimulia ni la namna hii ya pili. Nililifanya mimi mwenyewe nilipokuwa nimekwisha kuhitimu na kuajiriwa, na kwa muda wa majuma mawili wasichana kumi na wanne waliadhibiwa kila siku kwa ajili yake. Nalisimulia kwa sababu huenda nawe siku moja ukapewa kazi ya kuhesabu jambo ambalo wengine wataishi nalo.

Kazi yangu ni ya maji. Hupima, huchora na kuhesabu jinsi maji yatakavyopita katika mabomba kabla mabomba yenyewe hayajanunuliwa. Zamani hesabu hizi zilifanywa kwa mkono. Mwaka 1936 Hardy Cross, profesa wa Marekani, alieleza njia ya kukisia mtiririko wa kila bomba, kisha kuyasahihisha makisio hayo mara baada ya mara mpaka mtandao mzima ulingane. Kazi ya namna hiyo iliweza kumshika mtu kwa siku nyingi. Leo kompyuta huifanya kabla hujamaliza kupumua. Miongoni mwa programu za kazi hii iko moja iitwayo EPANET, iliyotolewa na idara ya serikali ya Marekani ya kulinda mazingira mwaka 1993, nayo hupatikana bila ya malipo. Mimi huitumia hiyo.

Katika programu hii mtandao wa maji hujengwa kwa mistari na nukta. Mistari ni mabomba. Nukta ni mahali mabomba yanapokutana, nazo huitwa nodi. Katika kila nodi kompyuta hushika sheria moja tu, kwamba maji yanayoingia yawe sawa na maji yanayotoka. Katika kila bomba humwuliza mtumiaji urefu, kipenyo na ukwaruzo wa ndani. Chini ya hayo pana nafasi moja ndogo ya kuandikia upotevu wa viungo, yaani kona, vali na matawi. Usipoandika neno, kompyuta haikugombezi. Hukuta pale tarakimu iliyowekwa tangu mwanzo, na tarakimu hiyo ni 0.

Sifuri hiyo ndiyo iliyonitia aibuni.

Palikuwa na shule ya bweni ya wasichana katika milima ya Taita. Bweni moja la wasichana 60 lilikuwa na mfereji mmoja wa kuogea, nao ulikuwa umechakaa. Nilitumwa kuweka njia mpya ya maji kutoka tangi dogo lililokuwa nyuma ya jengo. Tangi hilo lilijazwa daima na tangi kubwa la juu mlimani, hata kimo cha maji ndani yake hakikupungua. Kutoka uso wa maji hadi mdomo wa mfereji palikuwa na kimo cha mita 2. Bomba lilikuwa la mita 20, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25. Desturi ya shule ilikuwa hii: wasichana waamke, na kuanzia saa 12:00 hadi saa 12:40 asubuhi kila mmoja ateke ndoo yake ya lita 20. Baada ya hapo kengele hulia, na asiyekuwa tayari huhesabiwa mchelewaji.

Niliketi na kompyuta yangu nikachora mstari mmoja na nukta mbili. Nikaandika urefu, kipenyo na ukwaruzo. Kompyuta ikajibu kwamba ndoo moja itajaa kwa sekunde 32. Wasichana 60 kwa sekunde 32 ni dakika 32. Nikaona dakika 8 zimebaki, nikafurahi, nikatia sahihi.

Aliyefunga mabomba alikuwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Hakuwa na cheti, ila mikono yake ilijua kazi. Alipoitazama njia niliyoichagua, iliyolizunguka ghala, ikalikwepa jabali na kupanda ukutani, alihesabu kwa vidole kisha akasema, “Mwanangu, kona hizi ni kumi na mbili. Kila kona ina ushuru wake. Maji yakilipa ushuru mara kumi na mbili, yatafika yamechoka. Heri tuliinue tangi.”

Nilimjibu kwa adabu ya maneno bila adabu ya moyo. Nilimwambia, “Mzee, hayo yamekwisha kuhesabiwa.” Naye akanyamaza, maana mimi ndimi niliyekuwa na karatasi. Nikarudi Mombasa.

Baada ya majuma mawili Mwalimu Mkuu aliniita. Alisema maji mapya ni mazuri, lakini wasichana wamekuwa wavivu. Kila asubuhi kumi na kadhaa huchelewa darasani, nao hudai kwamba mfereji ndio unaowachelewesha. Nilipofika niliwakuta kumi na wanne wakikata nyasi za uwanja kwa adhabu, na umande umewalowesha hata magotini. Mmoja wao, msichana mwembamba aliyeshika fyekeo lililomzidi kimo, aliniambia, “Shikamoo, Mwalimu. Sisi huamka pamoja na wenzetu. Foleni haifiki mwisho.”

Msomaji, laiti ningepima kwanza! Lakini nilikuwa na hesabu mkobani, na hesabu ilisema dakika 32. Nikamwambia mbele ya Mwalimu Mkuu kwamba mfereji hauwezi kumchelewesha mtu, na ya kuwa pengine wao huzungumza wakati wa kuteka. Msichana yule hakujibu. Aliinama akaendelea kukata nyasi. Ukimya wake ulinisumbua hata usiku sikulala vizuri.

Kesho yake nilitangulia mferejini kabla ya alfajiri nikiwa na saa mkononi. Ndoo ya kwanza ilijaa kwa sekunde 52. Nikadhani nimekosea. Ya pili, sekunde 52. Ya tatu, vivyo hivyo. Wasichana walikuwa wakisukuma ndoo moja baada ya nyingine bila kuufunga mfereji na bila kusema neno. Kengele ilipolia walikuwa wameteka 46. Nikawahesabu waliobaki: kumi na wanne. Hawakuwa walewale wa jana. Aliyekuwa nyuma ya foleni leo ndiye aliyekuwa mvivu wa leo.

Tukiacha haya, na tuulize: maji yalipotelea wapi? Bomba halikuvuja. Maji hayakupotea hata tone. Kilichopotea ni nguvu yao. Maji yaliyo juu yana nguvu kwa sababu ya kimo chake, na kila yanapopita hutumia sehemu ya kimo hicho. Sehemu moja huliwa na ukuta wa bomba kwa msuguano. Elimu ya jambo hili ina zaidi ya karne moja na nusu. Julius Weisbach, Mjerumani, alitoa kanuni yake mwaka 1845. Na Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyeuletea maji mji wake wa Dijon mwaka 1840, aliyapima mabomba ya namna nyingi akaonyesha jinsi ukwaruzo wa ndani unavyozuia mwendo. Sehemu hii kompyuta yangu iliihesabu vyema.

Sehemu ya pili huliwa na viungo. Watazame wanafunzi watokapo darasani kwa mbio na ujia ukapinda ghafula. Walio mbele hupitiliza mpaka ukuta wa nje. Upande wa ndani wa kona hubaki mtupu. Wengine hugeuka nyuma, husukumana na kuzunguka, na mwendo wa wote hupungua hata baada ya kona kupitwa. Maji nayo hufanya hivyo. Yafikapo penye kona hupenda kuendelea moja kwa moja. Hujibana upande wa nje, na upande wa ndani huachana na ukuta, pakawa na vizunguko vidogo vya maji vinavyojizungukia bila kwenda mbele. Nguvu inayotumika kuvizungusha hairudi tena. Hugeuka kuwa joto kidogo sana, ambalo mkono hauwezi kulisikia. Huo ndio ushuru aliousema mzee.

Wahandisi wameupima ushuru huu na kuupa tarakimu. Kiwango cha kona ya ghafula ni 0.9, na kona iliyopindwa kwa upana ni 0.6. Tawi la bomba lenye umbo la herufi T lina tarakimu mbili: maji yakipita moja kwa moja ni 0.6, yakigeuka kuingia ubavuni ni 1.8. Hapa ujihadhari, kwa sababu nukta moja kwenye picha ya kompyuta inawakilisha kiungo kile kile, lakini ushuru wake hutegemea maji yameelekea wapi. Nukta yenyewe haiwezi kubeba tarakimu hiyo. Ni lazima mchoraji aiandike katika bomba linalofuata, kila tawi na yake. Vali ya geti, ambayo ikifunguliwa huinua kizuizi chote na kuacha njia wazi, ni 0.2 tu. Lakini iko vali nyingine iitwayo vali ya globu, ambayo ndani yake maji hulazimika kupanda, kupita katika tundu, na kushuka tena. Hiyo, hata ikiwa wazi kabisa, ni 10. Vali moja ya namna hii hutoza ushuru kuliko kona kumi na moja za ghafula.

Nilirudi kwenye njia yangu nikahesabu kwa mguu na kwa mkono kila kitu nilichokiacha. Kona 12 zilikuwa 10.8. Vali ya globu penye tangi na mfereji wa mwisho, ambao nao ulikuwa wa kukaza kwa parafujo na wenye tumbo la namna hiyohiyo, zilikuwa 20. Matawi manne yaliyozibwa kwa matumizi ya baadaye yalikuwa 2.4, na tawi la mwisho la kuingia mferejini 1.8. Kuingia kwa maji bombani kutoka tangini ni 0.5, na kutoka kwake hewani ni 1. Jumla 36.5. Bomba lenyewe, kwa urefu wake wote na msuguano wake wote, lilikuwa 24.

Yatazame mambo hayo mawili pamoja. Vitu nilivyovipa sifuri vilikuwa vikubwa kuliko kitu nilichokihesabu. Ukivigeuza viungo hivyo kuwa urefu wa bomba, vinakuwa sawa na mita 30 za ziada. Wasichana wale walikuwa wakiteka maji kutoka bomba la mita 50, nami nilikuwa nimechora bomba la mita 20 na kuwaambia kwamba wanasema uongo.

Huenda ukauliza kwa nini vitabu huuita upotevu wa viungo kuwa upotevu mdogo, ikiwa waweza kuwa mkubwa hivi. Jibu liko karibu na milima ileile. Chini yake, katika mbuga ya Tsavo, ziko chemchemi za Mzima, na kutoka huko bomba huenda Mombasa kwa masafa ya zaidi ya kilomita 200. Katika safari ndefu kama hiyo kona ni chache kulinganisha na urefu, na mtu akizisahau chache hatakosea sana. Jina la upotevu mdogo limetoka katika mabomba marefu. Lakini ndani ya nyumba, ya zahanati au ya bweni, bomba ni fupi na viungo ni vingi, na hapo mdogo huwa mkubwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilijifunza kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Niliziandika tarakimu zote mahali pake, nikaiamuru kompyuta ihesabu upya. Ikajibu sekunde 51. Saa yangu ilikuwa imesema 52. Tangu mwanzo kompyuta haikuwa na kosa; ilijibu swali nililoliuliza, na swali langu ndilo lililokuwa pungufu. Kama ningesema sikuandika kitu, ningejidanganya, kwa maana 0 ni tarakimu kama tarakimu nyingine. Nilikuwa nimetamka, kwa sahihi yangu, kwamba kona 12 na vali 2 hazina uzito wowote duniani.

Nikamwendea mzee fundi nyumbani kwake. Alinikaribisha, akanipa chai, na hakunikumbusha neno lake. Nilimwonyesha hesabu mpya. Hapo ndipo nilipoona jambo jingine ambalo sikulitazamia. Yeye alizilaumu kona, na dawa yake ilikuwa kuinua tangi kwa nusu mita. Tulijaribu dawa hiyo katika kompyuta: ndoo ikajaa kwa sekunde 45. Ilikuwa nafuu, lakini foleni bado ingepita kengele. Kompyuta ilionyesha kwamba mwizi mkubwa hakuwa kona. Alikuwa ni zile vali mbili. Tulipozibadili katika picha, tukatia vali ya geti na mfereji wa mpini unaofungua njia wazi, na kona za ghafula tukazifanya kona pana, ndoo ilijaa kwa sekunde 40. Hiyo nayo ilitosha kwa taabu, pasipo nafasi hata ya kusogeza ndoo. Tulipoziunganisha dawa zote mbili, yake na ya kompyuta, tukapata sekunde 36.

Mzee alicheka kidogo akasema, “Basi mimi niliiona kona, nawe umeiona vali. Hakuna aliyeona vyote.” Nadhani alisema hivyo kwa kunihurumia, kwa maana yeye alikuwa ameiona sehemu yake kabla ya kazi kuanza, na mimi niliiona yangu baada ya madhara. Walakini neno lake lilikuwa la kweli. Jicho lake lilijua ushuru uko, lakini halikuweza kupima upi ni mkubwa. Mashine yangu ilijua kupima, lakini haikuweza kujua kitu gani kimesahauliwa. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na aliyekuwa na kiburi cha kutenganisha mambo hayo mawili ni mimi.

Kazi ilichukua siku 3. Asubuhi ya nne nilisimama tena mferejini na saa yangu: sekunde 37. Msichana wa 60 aliondoka na ndoo yake kabla kengele haijalia.

Kisha nilifanya lililokuwa gumu kuliko kuhesabu. Nilimwomba Mwalimu Mkuu ruhusa, nikasimama mbele ya bweni lile nikasema kwamba wao walisema kweli na mimi nilisema uongo, ingawa sikuujua kuwa uongo. Mwalimu Mkuu aliyafuta majina yao katika daftari la adhabu. Nilimtafuta yule msichana wa fyekeo. Alipokea mkono wangu kwa heshima, akasema, “Ahsante, Mwalimu,” na macho yake hayakuniambia zaidi. Sijui kama alinisamehe. Majuma mawili ya umande hayawezi kurudishwa kwa maneno.

Msomaji, pengine hutakuwa mhandisi wa maji. Huenda ukawa mwalimu, karani, mganga au mkulima. Lakini hesabu zitakufikia popote uendapo, na siku hizi nyingi zitatoka katika mashine ambayo haichoki wala haioni haya. Zipokee kwa shukrani, kwa kuwa zinajua mengi. Ila kabla hujaitumia hesabu kuwa shahidi juu ya mtu, fungua kila nafasi ndogo iliyo chini ya karatasi ukatazame palipoandikwa 0, ujiulize ni nani aliyeiweka hapo. Kisha ondoka kitini uende mferejini na saa yako.

Mimi hadi leo, kila nichorapo bomba, huanza na kona. Huzihesabu kwa vidole, kama mzee alivyofanya.